Shangazi Anagombea Dirisha

Shangazi akishika mkasi, kitambaa kinanyooka chenyewe kwa heshima. Atakayebisha alete suruali yake. Lakini akishika karata, mh, hata kuku aliyefungwa miguu angemshinda, na angepata muda wa kutaga.

Anafanya kazi kwenye chumba chenye cherehani tatu na dirisha moja. Cherehani ya kwanza ni yake. Ya pili ni ya jamaa wanayemwita Suti, kwa sababu anashona suti, na kwa sababu anatembea kama kavaa moja hata akiwa na kaptura. Ya tatu ni ya binti wa kaka yake Shangazi, ambaye kazi yake ni matundu ya vifungo na kucheka watu. Anayekaa dirishani anashona kwa nuru ya Mungu. Wawili waliobaki wanagombania taa moja inayotetemeka kama ina homa.

Nani akae dirishani? Hilo linaamuliwa mara moja kwa mwaka, siku ya kufagia chumba kabla ya mapumziko, kwa kucheza poka. Wanachezea vifungo vya kwenye kopo, mia kwa kila mtu. Unapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunguliwa mezani kwa wote, kidogo kidogo. Kila zikifunguliwa, unaongeza vifungo au unatupa karata zako; asiyetupa, karata zake zikiungana na za mezani vizuri kuliko za mwenzake, anazoa vyote. Saa tisa na nusu mchezo unaisha, mwenye vifungo vingi anahamia dirishani. Sheria hiyo aliileta Shangazi mwenyewe, enzi hizo macho yake yakiona mpaka dhambi za jirani.

Sasa hayaoni. Suti ana miaka mitatu dirishani, Shangazi yuko kwenye pembe na vitambaa vyeusi. Juzi juzi alishona mkono wa koti ndani nje. Mteja alirudi nalo, akaligeuza mezani akamwonyesha mishono, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

"Mwaka mwingine kwenye pembe hii, nauza cherehani," alimwambia binti.

"Si umwombe Suti akupishe?"

"Nimwombe? Nawavalisha watu miaka thelathini, leo niombe mwanga kama naomba chumvi? Nitalichukua kwa mkono wangu."

"Mkono upi, shangazi? Huo unaoshika karata?"

Mtoto hana adabu, lakini hakusema uongo. Ugonjwa wa Shangazi ulikuwa ugonjwa wa mafundi: kitambaa ukishakikata, lazima ukishone. Akishaweka vifungo kumi mezani, basi, anaona kama kakata kitambaa cha mtu. Anaongeza ishirini, anaongeza thelathini, huku anajua kabisa kashindwa. Kila mchana baada ya kula walijaribu mchezo, na kila mchana Suti alimvua kama anamenya ndizi.

Siku moja binti akamuuliza, "Shangazi, ulishaona kakushinda. Mbona uliendelea?"

"Vifungo vyangu arobaini viko pale katikati, niviache?"

"Kwani vikishafika katikati bado ni vyako?"

Shangazi akarudi kwenye cherehani yake, akashona hadi jioni.

Kesho yake alilipindua daftari lake la vipimo, akaanzia ukurasa wa nyuma. Kila baada ya mchezo aliandika: alikuwa na nini, Suti angeweza kuwa na nini, na swali moja alilolipigia mstari mara mbili: ningekuwa nimeingia mlangoni sasa hivi, sijaweka hata kifungo kimoja, ningeinunua karata hii kwa bei hii? Kama uamuzi ulikuwa mzuri alijipa alama ya vyema, hata kama alishindwa.

Suti alichungulia daftari, akacheka mpaka akashika meza. "Dada, umeshindwa mara tano na umejipa vyema nne. Shule gani hiyo, na mimi niandikishwe?"

"Wewe hujawahi kupima gauni vizuri, mteja akanenepa kabla hajalichukua?"

"Mara nyingi."

"Kosa la futi ya kupimia?"

Suti akarudi kwenye suti zake.

Alifanya hivyo miezi minane. Alijifunza kutupa karata. Mwanzoni alizitupa moja moja, kama anatupa chakula.

Siku ya kufagia ikafika. Binti aliishiwa mapema, maana alicheza akicheka. Wakabaki wawili: Shangazi na vifungo mia na thelathini, Suti na mia na sabini.

Shangazi akapata malkia mkononi, na malkia mwingine akatokea mezani. Jozi nzuri. Kila mmoja alishaweka vifungo arobaini pale karata ya mwisho ilipofunguliwa: kopa, ile ya moyo mwekundu. Sasa mezani kulikuwa na kopa nne. Mwenye kopa moja tu mkononi anatimiza tano na anazoa. Shangazi hakuwa nayo. Suti akasukuma hamsini, taratibu, anaangalia dari.

Vifungo vyake arobaini vilimwita kwa jina. Akajitoa, kichwani, mpaka nje ya mlango, akaingia upya. Jozi moja, kopa nne zinamkodolea, bei hamsini. Akatupa.

Suti akafunua zake: nane na tano, hakuna kopa hata ya dawa. "Nilikuwa mtupu, dada. Mtupu kama kopo la sukari nyumbani kwangu."

"Shangazi!" binti alilia.

"Mteja kanenepa," alisema Shangazi. "Gawa karata."

Alibaki na tisini. Suti akanogewa. Tangu hapo kila mgao anasukuma, kila mgao anatabasamu, maana kashaona huyu mama anakimbia. Na Shangazi akamwacha aone hivyo, akitupa takataka zake bila kinyongo.

Saa tisa na dakika ishirini, vifungo vikiwa vimekwenda na kurudi mpaka pale pale, akapata ree, karata kubwa kuliko zote, na mfalme. Mezani mfalme, nane, tatu, mbili, sita, rangi mchanganyiko. Suti akasukuma tisini. Vyote alivyobaki navyo Shangazi.

Binti akaziba macho. Kichwani, Shangazi akatoka tena mlangoni, akarudi. Jozi ya wafalme, meza imelala, za kumpiga ni chache. Na anayesukuma ni mtu aliyeshazoea kumwona akikimbia. Bei inafaa.

"Nimo," alisema.

Suti alikuwa na nane na kumi. Jozi ya nane. Akaziangalia kama zimemtukana mama yake.

Mia na themanini kwa mia na ishirini, na dakika tano. Hapo ndipo wengi wanalewa. Shangazi alitupa karata mara tatu mfululizo, kila mara ikimgharimu vifungo viwili vya kuingilia, na mara ya mwisho alikuwa na malkia wawili, akawatupa wazi.

"Malkia wawili unatupa?" Suti alishangaa.

"Sina ninachokitafuta kwako saa hizi, kaka."

Saa tisa na nusu. Suti mwenyewe akashika upande mmoja wa meza ya cherehani ya Shangazi kuipeleka dirishani, Shangazi upande wa pili.

"Ungeniambia habari ya macho, ningekupisha," alisema Suti.

"Ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikujitolea kukupisha."

"Basi nyanyua upande wako, Suti. Uzito wote umeniachia mimi."