Ngazi Aliyoielekeza Lallan

Lallan Sahni ameendesha riksha ya baiskeli kwa miaka ishirini na miwili katika vichochoro vya Delhi ya zamani, na hajawahi kumwambia mgeni "sijui". Hakuna asemaye hivyo huku kwetu. Ukiulizwa njia, unanyoosha mkono. Kumwacha mtu aondoke na swali lake ni kama kumnyima maji.

Mchana ule wa Mei alibeba watalii wawili wazee kutoka Nagpur, mwalimu mstaafu Kelkar na mkewe Sumati. Kwenye mtaa wa wauza karatasi na kadi njia ikaziba: mikokoteni, pikipiki, na ng'ombe aliyelala katikati kama mwenye mtaa. Sumati, akiwa kitini, alikuwa akitazama kadi za harusi zilizoning'inizwa dukani. Mzee akauliza kama kuna paa la kupanda, auone msikiti mkuu vizuri.

"Pale pale, mwalimu," Lallan akasema, akielekeza ngazi asiyoijua, kisha akageuka kutukanana na mchukuzi ambaye mkokoteni wake ulinasa gurudumu la riksha.

Alipotazama tena, kiti kilikuwa na mtu mmoja.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Anapiga picha, mama. Anarudi."

Dakika kumi. Ishirini. Sumati alikuwa amekumbatia mkoba. "Alijichoma sindano ya ugonjwa wa sukari na hajala. Chakula chake ninacho mimi. Ataanguka, kaka!"

Lallan akamkimbilia muuza kadi. "Mzee wa kofia nyeupe?"

"Kaenda kulia."

"Kushoto, naapa!" akasema mchukuzi.

"Kapanda riksha nyingine," muuza tambuu akacheka. "Kachoka kukungoja."

Alikimbia kulia, akakimbia kushoto. Akasimama kwenye jua, na taratibu akaelewa: hakuna aliyemwona mzee. Walimjibu tu. Ndipo akaukumbuka mkono wake mwenyewe, na ile ngazi uliyoielekeza.

Ngazi ilikuwa na giza na harufu ya gundi. Ghorofa ya tatu, Kelkar alikuwa amelala juu ya mafurushi ya kadi, shati limelowa, midomo imepauka. Mama mmoja mbandika bahasha alikuwa akimlisha jalebi, kitafunwa cha shira, kipande kwa kipande.

"Huyu ni wako?" akafoka. "Kaingia anatetemeka kama mwenye homa, anaulizia msikiti. Msikiti gani? Hapa hata dirisha hatuna! Mpumbavu gani kamleta?"

Lallan aliinama. Alimbeba mzee mgongoni, akihesabu pumzi zake shingoni, hadi chini kwa Sumati.

Mzee alipokwisha kula, wakaanza safari ya kurudi. Walipopita chini ya lango kuukuu la mawe, sauti dhaifu ikatoka nyuma: "Hili lilijengwa na nani?"

Jina la mfalme fulani lilikuwa tayari ulimini. Lallan alihisi macho ya Sumati kwenye kisogo chake.

"Sijui, mwalimu."

Alisema chini mno, honi zikaimeza sauti. Ikabidi arudie.