Sori ya Daktari

Nimefundisha Kiingereza Morogoro mjini mpaka chaki imenikausha vidole, na neno nililopenda kulichambua ni sori. Niliwaambia wanafunzi kwamba limetokana na neno la kale la Waingereza lenye maana ya kidonda. Huzuni wana neno lao jingine, sorrow. Yanafanana kama mapacha, lakini mama zao mbalimbali. Zamani aliyesema sori alikuwa anasema ameumia. Siku hizi ukimkanyaga mtu pale Msamvu unamtupia hiyo sori huku unakimbilia basi.

Mwaka jana nilimshusha mama yangu kutoka milimani, nikampeleka hospitali. Daktari, mwanamke wa makamo, alitazama majibu ya vipimo, akanigeukia na kuanza Kiingereza, kama wanavyofanya wasipotaka mgonjwa aelewe. Alisema uvimbe umeshaenea, hakuna la kufanya, nimrudishe nyumbani. Akamalizia na sori.

Mama alilidaka. Wajukuu humwambia hivyo kila wakimwaga uji.

"Sori ya nini?" aliniuliza. "Kwani kanikanyaga?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

"Anakupa pole ya kuumwa, mama. Meza dawa, utapona."

"Alhamdulillahi. Basi nikipata nguvu nitakwenda Ngerengere kwa mdogo wangu. Tumenuniana vya kutosha."

Waligombania shamba la ukoo, na huo ulikuwa mwaka wa saba hawajajuliana hali. Nilipaswa kumpigia simu mama mdogo jioni ile ile. Lakini angekuja analia, na mama angejua. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Mama naye hakuwa na haraka. Alisema haendi kuomba radhi akiwa amekonda vile, watu watadhani anaaga. Najichukia nikikumbuka jinsi nilivyoitikia. Alifariki maharage yake yakiwa bado shambani.

Mama mdogo alifika maziko yamekwisha. Alikaa mkekani, viatu bado kavishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aliwahi kuniulizia?"

"Kila siku."

"Sasa mbona hakuniita?"

"Alikuwa anangoja apone kwanza, aje mwenyewe."

Aliviweka viatu chini.

"Mgonjwa wa vile, nani alimwambia atapona?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele waliacha, wakanigeukia. Wote walijua kwamba kwa daktari niliingia naye mimi peke yangu.