Mji wa Mahindi

Miaka ile kambi ya ndege ilipojengwa Kamina, mwalimu wa jiografia alikuwa na mji wake juu ya meza yake darasani: punje moja ya mahindi kwa kila nyumba mpya. Wanafunzi walimletea habari za mitaa, naye akapanga punje kwa vidole vyeupe kwa chaki, akipiga mluzi. Asubuhi moja, katika somo la volkano, Léonie wa dawati la mbele aliona kuku akidonoa mtaa mzima wa reli. Mluzi ukakatika. Kazi ya miaka mitatu! Mwalimu akakuna kidevu, kikabaki cheupe, kisha akacheka.

"Muandike, batoto: njo vile volkano inakulaka muji."

Kesho yake kila mtoto alileta mahindi mkononi. Mji ukafurika meza, ukameza na kiti. Mwalimu akafundisha amesimama, akipiga mluzi.