Baba Amenitumia Jani la Sale, Nimelirudisha

Wapendwa wa ukurasa huu, poleni na kazi. Mhariri, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka thelathini na sita, ni mama wa binti mmoja wa miaka kumi na tatu, na ni fundi cherehani hapa Gaborone, Botswana. Kwetu ni Kilimanjaro, ukifika Himo unapanda juu. Kijiji sikitaji maana wambea wa kwetu nao wanasoma huu ukurasa. Ni miaka mingi sasa Krismasi naila ugenini, na ndugu zangu wanasema nina roho ya jiwe. Nisikilizeni kwanza, halafu mniite mtakavyo.

Mnatujua Wachagga na Krismasi. Hata yule ambaye Dar hana mbele wala nyuma, Desemba lazima aonekane nyumbani. Miaka minane iliyopita nami nilipanda na mwanangu, akiwa na miaka mitano. Nilimpata nikiuza mitumba Himo, na mwanamume alinikana hata tumbo halijaonekana. Baba yangu ni mzee wa kanisa, akaninunia tangu mimba. Lakini mama alinitumia ujumbe kwamba mzee amepoa, nije na mtoto.

Kumbe hajapoa. Mchana wa Krismasi mbuzi ameshachinjwa, ndizi ziko jikoni, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, wajomba na mashangazi wamejaa uani mpaka migombani. Nyumbani kwetu baba mwenyewe ndiye anayegawa nyama, na wajukuu wanapanga mstari. Mwanangu akasimama na wenzake, ameunganisha viganja. Baba akamruka akampa anayefuata. Mtoto alidhani hakuonekana, akasogea tena. Ndipo baba akasema kwa sauti, "Huyu fungu lake liko kwa baba yake. Hapa nagawia watoto wa nyumba hii." Kaka yangu mkubwa akacheka. Mama akainamia sufuria. Wengine wakaendelea kutafuna, na asubuhi tulikuwa tumepeana mikono ya amani kanisani!

Sikulia. Nilimshika mwanangu, nikachukua begi langu, nikamwambia, "Baba, shikamoo. Hiyo ndiyo ya mwisho." Tukashuka kwa miguu mpaka barabara ya lami. Miezi michache baadaye rafiki yangu tuliyeuza naye mitumba aliniita huku, nikaja.

Nisiwadanganye, Krismasi ya huku inauma. Watswana nao wana tabia kama yetu, kila mtu anarudi kijijini kwao. Maduka yanafungwa, jua linachoma, mtaani tunabaki mimi, mwanangu na mbwa wa jirani. Mwaka wa kwanza nilizunguka mji mzima kutafuta ndizi za kupika, nikakosa, nikaunga viazi kwa nyama nikamwambia mtoto tujifanye ni ndizi. Nililia wakati nakata vitunguu ili asiniulize. Lakini nyama ilipoiva nilimwita kwa jina lake na jina la ukoo wangu, nikampa fungu la kwanza. Tunafanya hivyo kila mwaka, na nani atanizuia?

Sasa mwezi huu mtoto wa shangazi yangu, ambaye huja huku kwa biashara zake, alinigongea mlango. Akatoa kwenye mkoba jani la sale limefungwa kwenye gazeti. Kwa wasiojua, kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo kuomba msamaha, na aliyepelekewa hakatai. Hata kama mlishikiana mapanga, yanaishia hapo. Anayekataa anahesabiwa amejitafutia laana.

"Dada, mzee anaomba yaishe," akaniambia. "Krismasi hii mpande."

Nikamuuliza, "Hili ni langu au la mwanangu?"

"Lako. Mtoto anapelekewa sale, Dada? Umeona wapi?"

"Kwani aliyenyimwa nyama ni mimi?"

Nikalifunga jani kwenye gazeti lake nikamrudishia. "Mwambie baba jani hili ampe mjukuu wake, kwa mkono wake, mbele ya wale wale waliokuwepo. Hapo nitakuja hata kwa magoti."

Basi moto ukawaka. Kaka akapiga simu anafoka, "Umerudisha sale? Umemvua nguo mzee! Tangu lini mzee akamwomba mtoto msamaha?" Nikamjibu, tangu mzee alipomkosea mtoto. Nikakata. Mama alipopiga ndipo nilipoishiwa nguvu. Alisema, "Mwanangu, baba yako haoni vizuri siku hizi, na miguu imevimba. Hilo unalolitaka hajui hata linafanywaje. Lipokee kwa ajili yangu." Nampenda mama yangu, lakini siku ile na yeye alinyamaza. Nikamwambia hivyo hivyo.

Kumbe binti yangu alikuwa anasikiliza simu zote. Akaniambia, "Mama, mimi siku hiyo siikumbuki. Unaikumbuka wewe. Mimi nataka kumwona bibi." Nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye, mtoto wa watu asiye na kosa. Miaka yote hii nimepigana kwa ajili yake, halafu ananiambia haikumbuki!

Wasomaji, msiniletee habari za mzazi ni mzazi, nimezisikia za kutosha. Sijutii kurudisha jani, na nikiletewa kesho kwa namna ile ile nitalirudisha tena. Kinachoninyima usingizi ni huyu binti. Nikimpeleka hivi hivi, nitakuwa nimekubali kwamba alichofanyiwa kilikuwa halali. Nikimzuia, nitakuwa mtu wa pili kumnyima kwao. Tangu jana ameshatoa begi anapanga nguo, na mimi sijasema ndiyo wala hapana. Nishaurini, jamani, nifanye nini? Ila asiniambie mtu ninyamaze.