Kasuku Aliyekuja na Sauti ya Nyakundi

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine za ujana wangu, mwanangu, ni ile kaka yangu Nyakundi aliporudi likizo kutoka Kampala akiwa amebeba tundu lililofunikwa kwa shuka. Nilikuwa uani nikigeuza maua ya pareto kwenye mkeka, yakauke vizuri kabla mvua ya alasiri haijaanza. Nilidhani ametuletea kuku wa kizungu. Alipoifunua ile shuka nikamwona ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ameinamisha kichwa ananitazama kwa jicho moja kama karani asiyetaka kukuhudumia.

Nakusimulia haya kwa sababu umeniambia unataka kufuga kasuku huko mjini mnakoishi. Sikukatazi. Lakini kaa kwanza, chai yako bado ni ya moto, unisikilize.

Wakati ule Uhuru ulikuwa bado mpya, na vijana wetu wengi wa Nyamira walikuwa wakienda Uganda kutafuta kazi. Nyakundi alikuwa mpishi katika hoteli moja. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapa nyumbani, upande huu wa Ekerenyo, tulikuwa watu watatu: Mama, mimi Moraa niliyekuwa nimemaliza shule na bado sijaolewa, na Kerubo, mke wa Nyakundi. Kerubo alikuwa na nyumba yake ndogo ng'ambo ya migomba. Mungu alikuwa hajawajalia mtoto. Mama hakuwahi kulitaja jambo hilo, lakini alilinyamazia kwa namna ambayo Kerubo aliisikia.

Nyakundi alimleta yule ndege amchangamshe Mama. Alikuwa ameishi naye chumbani kwake Kampala kwa muda mrefu, na ndege alikuwa ameyaokota maneno yake yote. Alisema, "Funga mlango, baridi inaingia." Alisema, "Umekula?" Na neno alilolipenda kuliko yote ni lile Nyakundi alilokuwa akimjibu mwenzake wa kazi alipompitia asubuhi na kumwita dirishani: "Nakuja sasa hivi." Sauti ilikuwa ya Nyakundi mwenyewe, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa koo aliokuwa nao kabla ya kusema jambo.

Mama hakujua Kiswahili. Sisi hapa nyumbani tunaongea Ekegusii, Kiswahili ni cha shuleni na cha mjini. Kwa hiyo kila ndege aliposema, Mama aliniuliza maana yake, halafu akalirudia lile neno polepole mpaka likamkaa mdomoni. Ndivyo mama yangu alivyojifunza Kiswahili, mwalimu wake alikuwa ndege. Alimpa jina la Omogeni, yaani mgeni. Nyakundi alimwachia maagizo kabla hajarudi kazini: asimweke jikoni kwenye moshi, kwa sababu kifua cha kasuku ni chepesi, asimpe parachichi hata kipande, litamwua, amkinge na baridi yetu hii ya milimani, na asimwache peke yake, maana ndege huyu akikosa mwenzake huumwa kama mtu. Mama aliyashika yote. Alimtafutia wimbi, mbegu za maboga na ndizi mbivu. Alikuwa akimchezea na kucheka naye, na mimi nilikuwa sijamsikia Mama akicheka tangu Baba aondoke.

Miaka ilikwenda hivyo, Nyakundi akija na kurudi. Kisha miaka ya sabini ikaingia, na habari za Uganda zikaanza kuwa mbaya. Watu wetu wakawa wanarudi mmoja mmoja, wengine bila hata sanduku. Tulikwenda kumwuliza kila aliyerudi. Kijana mmoja wa Kiogoro alisema alimwona Nyakundi sokoni, mzima, amebeba kapu la nyanya. Mwingine alisema ile hoteli ilifungwa na wafanyakazi wakatawanyika. Baada ya huyo hatukupata tena mtu wa kutuambia lolote. Barua zetu hazikujibiwa. Hatukuletewa mwili wa kuzika, na kwa kuwa hatukuletewa mwili hakuna aliyethubutu kulia.

Hapo ndipo Mama alipobadilika.

Kila asubuhi alivuta kigoda karibu na tundu, akakaa, akangoja ndege aseme, "Nakuja sasa hivi." Akisema, Mama aliinuka akaenda shambani, na kazi ilimwendea. Asiposema, hakwenda popote. Mwanzoni niliona ni faraja tu ya mzazi. Lakini baadaye akaanza kushika ndizi nje ya tundu na kumwambia, "Sema." Ndege alisema akapewa. Siku nyingine alinyamaza, na Mama akairudisha ndizi kwenye sahani, mbele ya macho yake, akaendelea kukaa. Omogeni akaanza kupiga kelele kali za kuumiza masikio. Kisha akaanza kujing'oa manyoya ya kifuani, moja moja, mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu na yenye vidonda.

Na si ndege peke yake. Mama aliogopa kwamba kasuku akisikia maneno mengine atayasahau yale ya Nyakundi. Akanikataza kuimba ndani ya nyumba, hata nyimbo za Sabato. Tukawa tunazungumza kwa kunong'ona kama watu waliolaza mgonjwa. Halafu akamwambia Kerubo asiingie tena nyumba kubwa. Alisema sauti ya mwanamke kijana ndiyo inayoshika upesi, itaifuta ile nyingine.

Kerubo hakubishana. Aliendelea kutuchotea maji chemchemini, akiutua mtungi mlangoni na kurudi kwake. Alichuna chai na mimi, akapalilia mimea ya pareto, siku za Sabato akakaa benchi la nyuma kanisani. Siku moja tukiwa kwenye chai aliniuliza kama ndege bado anasema. Nikamwambia anasema, ingawa si mara nyingi. Akachuna kidogo, kisha akaniomba niwe nikiuacha mlango wazi asubuhi. Sikuelewa alichotaka mpaka nilipomwona mwenyewe, amesimama kwenye migomba kwa umande, kanga ameifunga kichwani, anamsikiliza mumewe.

Mwanangu, nimeona misiba mingi katika maisha yangu. Ule wa kumwona mtu amejificha ili asikie sauti ya mumewe kutoka kwa ndege, sijaona mwingine unaoupita.

Mvua za masika zilipokuja, Mama alishikwa na nimonia. Tulimpeleka hospitali Kisii, na mimi nikabaki mjini kwa jamaa zetu ili nimhudumie. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuachiwa Omogeni ila Kerubo. Mama alipokuwa na homa aliniuliza habari za ndege kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote.

Tuliporudi tulimkuta Omogeni amepona nusu. Vinyoya laini vya kijivu vilikuwa vimeanza kuota kifuani. Kerubo alikuwa amemweka mbali na jiko, karibu na dirisha, akamfunika upande mmoja wa tundu kwa shali yake ya harusi ili upepo usimpige. Alimpa chakula bila kumdai neno. Na alizungumza naye, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Mama alilichukua tundu siku ile ile. Hakusema asante. Hata ile shali aliirudisha baadaye kwa mkono wangu.

Kesho yake asubuhi Mama akavuta kigoda kama kawaida yake. Ndege akakwaruza koo, Mama akainama mbele. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Kerubo, kwa Ekegusii: "Nyakundi, nyumba hii imenishinda ukubwa. Nifanye nini?" Kisha ikafuata sauti ya mtu anayevuta kamasi, kama anayelia huku akijizuia asisikike. Akarudia. Akarudia tena. Mama akaniambia nimfunike, nikamfunika, na chini ya nguo akaendelea kulia kwa sauti ile ile.

Wakati huo baba yangu mdogo, Ombati, alikuwa anaingia kumjulia Mama hali. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alimheshimu sana Mama kama mke wa ndugu yake mkubwa. Akasimama mlangoni akisikiliza.

"Ni nani anayelia?" akauliza.

"Ni ndege," Mama akajibu.

"Ndege hana machozi, Mama Nyakundi. Kuna mtu aliyelia mbele yake."

Ombati akaja akaifunua ile nguo, akamtazama Omogeni na kidonda chake, kisha akakaa bila kukaribishwa. Nilimwona anatafuta namna ya kusema, maana si jambo jepesi kumkemea shemeji yako nyumbani kwake na binti yake anasikia.

"Huyu hajui mwanao yuko wapi," akasema mwishowe. "Unamnyima chakula ili akupe kitu ambacho hana. Na yule anayemngoja Nyakundi pamoja nawe, unamwacha nje na mtungi. Mimi pia namngoja yule kijana. Hukuwahi kuniuliza."

Hakuongeza. Aliomba dua fupi ya mgonjwa, akaaga, akaenda zake.

Mama alikaa pale mpaka jua likapanda. Kisha akasimama, bado hana nguvu, akalishika tundu na kuelekea kwa Kerubo. Nilimfuata kumsaidia kubeba. Tulimkuta Kerubo akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye kikapu. Alikuwa amewatumia kaka zake ujumbe, nao walikuwa waje kumchukua baada ya Sabato. Mama alikitazama kile kikapu.

"Kwa nini ulimwambia ndege na hukuniambia mimi?" akauliza.

"Nilijaribu, Mama," Kerubo akasema. "Nilikuwa nakuja mpaka mlangoni."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja Mama. Akakaa kwenye kitanda cha Kerubo, akamwomba abaki. Akamwambia mlango hautafungwa tena, wataishi kama mama na binti. Kerubo akampigia magoti, akamshika mikono, akamwambia hawezi. Alisema amengoja kwa kadiri alivyoweza, na sasa ameanza kusahau mumewe alikuwa anafanana vipi anapokula. Mama alikuwa na haki, kwa mila yetu, ya kusema huyu ni mke wa boma hili na haondoki. Wengi wangeisimamia haki hiyo. Mama akamwekea mkono kichwani, akambariki, akamwachilia. Wanawake wengine wa ukoo walimnunia Mama kwa hilo mpaka anakufa.

Kerubo aliolewa baadaye upande wa Keroka na akapata watoto. Alikuwa akitutumia salamu kupitia kwa watu. Hakuwahi kurudi hapa, na sikumlaumu.

Baada ya hapo Mama alimpa Omogeni chakula kabla hajapika chetu, wala hakumwambia tena aseme. Nami niliruhusiwa kuimba. Lakini ndege yule alikuwa ameshaumia. Manyoya mapya yalipoota, aliyang'oa tena, kama mtu aliyezoea kidonda chake. Maneno ya Nyakundi yakapungua, kisha yakaisha. Mwaka uliofuata, katika msimu wa mvua ya mawe, tulimkuta asubuhi amelala chini ndani ya tundu, kifua wazi, amekauka kwa baridi. Mama alimfunga kwa kitambaa, akamchimbia shimo nyuma ya nyumba, na alipomaliza kulifukia akaanguka juu ya udongo na kulia. Alimlilia mwanawe kwa jina, kwa mara ya kwanza. Wapita njia walisimama wakashangaa, mwanamke mzima anamlilia ndege. Ombati alipopata habari alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakakaa nasi kama watu wanavyokaa kwenye matanga. Hatujapata kaburi lingine la Nyakundi mpaka leo.

Basi mwanangu, nikupe ninalotaka kukupa. Ukimleta kasuku nyumbani, umemleta mtu wa kuishi naye miaka mingi, pengine atabaki hata baada yangu. Mlishe kwa wakati. Mwepushe na moshi na parachichi na upepo wa dirisha. Usimwache siku nzima peke yake kwa sababu una kazi. Kama huna muda naye, usimchukue. Ukimwona anajing'oa manyoya, usimpigie kelele, jiulize nyumbani mwako kuna nini. Naye atayasema yale anayoyasikia, kwa hiyo chunga yanayosemwa na yanayofichwa hapo ndani.

Zaidi ya hayo, usimgeuze mnyama, wala mtoto, wala picha ukutani, awe badala ya mtu uliyempoteza. Hawezi kazi hiyo, itamlemea augue. Ukiwa na huzuni, angalia pembeni yako kuna nani mwenye huzuni hiyo hiyo, umfungulie mlango mapema, kabla hajafunga kikapu chake.

Mungu akutangulie kila uendako, mwanangu. Akupe nyumba yenye joto na watu wa kusemezana nao, na wale unaowangoja akuletee wakiwa wazima. Sasa kunywa chai yako, isije ikapoa.