Kidimbwi Kilichovuja Ndani ya Eda

Mume wa mama mkubwa alipofariki, aliacha nyumba ya mawe katika Mji wa Kale, kiti cha kukunja, zulia la sebuleni na kidimbwi kilichovuja. Vingine tulivizoea. Kidimbwi kiliniangukia mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu huko bara na shahada ya falsafa. Nilikuwa nimeandika barua nyingi za kuomba kazi na kupokea majibu machache, yote ya heshima. Kwa hiyo familia ilipotafuta mtu wa kukaa na mama mkubwa wakati wa eda, haikuhitaji kikao. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi sokoni, hajipambi, wala haonani na wanaume isipokuwa maharimu wake. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuwa maharimu, na sikuwa na kazi. Sifa zote mbili zilitakiwa.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini iwe miezi minne na siku kumi, si minne kamili. Alinisikiliza mpaka mwisho, amejifunika nguo yake nyeupe, kisha akaniambia niende nikamletee mkate.

Mkate ulikuwa wa samaki. Kidimbwi chenyewe kilikuwa uani, chini ya mkomamanga, urefu wake kama mtu aliyelala, kina chake cha kufika gotini. Mumewe alikichimba kwa mikono yake mwaka aliostaafu bandarini, akakijengea kwa mawe ya matumbawe na kukipiga lipu ya saruji. Samaki aliwatoa katika birika la msikiti, wale wadogo wa kijivu wanaofugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Kila alfajiri aliwatupia makombo na kuwasimulia habari za bandarini, ambazo mama mkubwa alikuwa amekataa kuzisikiliza tangu miaka ya sitini. Kila mwaka saruji ilipasuka, na kila mwaka akaiziba. Mwaka ule hakuwahi.

Wiki ya tatu ya eda jirani yetu alipiga hodi. Alikuwa mpishi wa halua, na ukuta wa nyuma wa jiko lake ndio ukuta wa ua wetu. Alinichukua nikauone. Doa la maji lilipanda kutoka sakafuni hadi kifuani kwangu. Magunia ya sukari yalikuwa yamevutwa katikati ya jiko, na wakorogaji wa halua walipita ubavuubavu kama kaa. Gunia moja halikuvutwa mapema. Sukari ya chini ilikuwa imegeuka jiwe.

"Mjane hasumbuliwi kwenye eda," alisema. "Siku akitoka, nitaugusa ukuta huu kwa mkono wangu. Ukiwa bado unatota, kidimbwi kijazwe mchanga. Miaka mitano nimenyamaza, sikutaka kugombana na marehemu."

Nikaokota kaa la moto lililozimika, nikachora mstari kufuata ukingo wa doa. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia tuwe na ushahidi. Akasema mkono wake watosha kuwa ushahidi, kisha akanifungia kipande cha halua nimpelekee mfiwa.

Mama mkubwa aliila halua yote kabla ya kujibu. Akasema iliki imezidi. Halafu akageuka kuwatazama samaki, wote kumi na mmoja, waliokuwa wamejikusanya upande uliosalia maji mengi.

"Mchanga," alisema. "Juu ya hawa."

Kwa siku mbili hakuniagiza mkate. Makombo aliyatoa kwenye sahani yake mwenyewe.

Nilijua fundi mmoja, mtu wa Rabai, aliyekuwa ametengeneza nusu ya nyumba za kichochoro chetu na Jumapili hagusi mwiko wa kujengea. Mpango wangu ulikuwa rahisi: mama mkubwa akae chumbani siku mbili, fundi aingie uani, mambo yaishe. Alikataa. Fundi akiingia, alisema, yeye atafungiwa asione, na marehemu hakuwahi kuacha mtu akiguse kile kidimbwi bila kutazamwa. Mimi niliruhusiwa kukigusa kwa sababu mimi naweza kutazamwa.

Basi fundi akakaa barazani, nje ya mlango, pazia limeshushwa. Mama mkubwa akakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kidimbwi. Mimi nilisimama katikati. Walikuwa wakisikiana vizuri sana, lakini kila neno lilipitia kwangu.

"Mwambie mama saruji haifai," alisema fundi. "Mawe haya yanacheza mvua ikinyesha. Saruji haichezi, inapasuka."

"Mwambie fundi marehemu alijua hayo," alisema mama mkubwa.

"Mwambie mama, kama alijua, mbona alizidi kutia saruji?"

Hilo sikulipeleka. Alikuwa amekwisha kulisikia.

Fundi alisema dawa ya mawe ya matumbawe ni chokaa, kama walivyojenga wa zamani, lakini kupiga chokaa hakufundishiki kwa kupitia pazia. Njia iliyobaki ni kutandika kitu kinachokunjika, kipande kimoja kisicho na kiungo, kilale ndani kama shuka kitandani. Nilipomuuliza kitu gani kinachodumu, alisema hajui, yeye ni mtu wa mawe.

Kabla ya kwenda dukani nilipita Ngome ya Yesu, kwa sababu mle mna birika la kale la maji ya mvua na nilitaka kuona lilisilibwa kwa kitu gani lisivuje. Mtembezaji wa wageni aliniambia kazi ile ni imara ajabu, haijavuja karne na karne. Nilichungulia. Lilikuwa kavu. Nikamuuliza ameonaje kwamba halivuji. Akasema maji yangekuwamo, yasingetoka.

Muuza vifaa upande wa soko la Marikiti alikuwa na aina tatu. Kulikuwa na karatasi nyeusi ya nailoni, ile ya kufunikia mizigo. Kulikuwa na turubali la lori. Na nyuma kabisa kulikuwa na mpira mzito mweusi, mnene kama ngozi ya kiatu, ulioagizwa na hoteli moja iliyobadili mawazo.

"Huu utakaa miaka ishirini," alisema.

"Duka lako lina miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi ishirini umeijuaje?"

Alifikiri. "Imeandikwa."

"Na nani?"

"Na wanaouza."

Alisema bila aibu, na kwa hilo nilimwamini kuliko mtembezaji wa Ngome. Nikaomba kipande cha kila aina, akanikatia.

Majaribio yangu niliyapanga kwenye paa. Vipande vitatu, jua moja, jiwe juu ya kila kimoja, na daftari. Nilikusudia kuchunguza jua peke yake, lakini Mombasa ina kunguru. Siku ya pili walikuwa wamekwisha kuitoboa nailoni, si kwa njaa, kwa kupitisha wakati tu. Turubali walilichuna ngozi ya juu. Mpira waliudonoa asubuhi nzima, wakauacha. Niliandika daftarini kwamba kunguru hawakuwa sehemu ya jaribio. Mama mkubwa, nilipomsomea, aliuliza kama kidimbwi nacho nitakificha wasikijue.

Yeye alikuwa na jaribio lake. Alivikunja vile vipande pembetatu kama sambusa, akavibana mikunjo kwa jiwe la kusagia, akavikunjua na kuvimiminia maji. Nailoni, iliyokwisha kukauka kwa jua, ilichanika kwenye mkunjo. Turubali halikuvuja, ila nyuzi zake pale lilipochunwa zilinyonya maji polepole mpaka ukingoni, zikadondosha nje. Mpira ulikaa kimya.

Bado hakuridhika. Mpira ulinuka, naye aliogopa harufu ile itawadhuru samaki. Tukautandika kwenye beseni, tukaweka maji, akachagua samaki wawili. Wiki nzima aliwatembelea kabla ya kila sala. Siku ya saba walikuwa hai na wanene zaidi kuliko wenzao. Nilimweleza kwamba samaki wawili ni wachache mno kuthibitisha jambo.

"Wangekuwa wako," alisema, "ungewaona wengi."

Mpira ulikuja kwa mkokoteni, ukapita kichochoroni kwa shida, kona mbili ukigoma. Samaki tuliwahamishia kwenye karai. Nilivunja saruji mbovu, nikafagia, nikatandika, fundi akiniuliza kupitia pazia kama pembe zimelala na mama mkubwa akinijibia. Tukajaza maji. Nilitia alama ya chaki kwenye jiwe, usawa wa maji. Na kwa kuwa jua nalo hunywa, niliweka karibu yake beseni la maji lenye alama kama hiyo, ili nijue maji yapi yamenywewa na yapi yamevuja.

Siku ya tatu beseni lilikuwa limeshuka unene wa kucha. Kidimbwi kilikuwa kimeshuka kidole kizima.

Tulikitoa maji. Nilitambaa juu ya mpira kwa viganja mpaka nikaliona tundu, dogo kama punje ya mtama, na kingo zake zimeinuka juu. Ncha ya tumbawe ilikuwa imetoboa kutoka chini. Nilikaa pale nikitazama. Nilikuwa nimeujaribu mpira kwa jua, kwa kunguru, kwa mkunjo na kwa samaki, yote yanayotoka juu. Hakuna hata siku moja niliyouliza utalalia nini, na maji yote yale yakiukandamiza.

Nilimpelekea fundi habari barazani.

"Sikusema," alisema, "nilidhani umesoma."

Siku tisa zilibaki eda iishe. Tundu nililiziba kwa kiraka cha baiskeli, kwa msasa na gundi kama ilivyo kawaida. Ila mpira haungeweza kurudi juu ya mawe matupu. Nilijaribu kutandika mchanga, ukaporomoka pembeni. Magunia na mikeka ingeoza kwa unyevu wa chini. Nilihitaji kitu kinene, laini, kisichooza, na nilimweleza mama mkubwa hivyo, nikiongeza kwamba sijui kitu kama hicho.

Alinyanyuka, akaenda akasimama kwenye mlango wa sebule.

Zulia lile mumewe alilinunua kwa baharia mmoja wa meli za Ghuba. Lilikuwa na picha ya swala anayekunywa maji kwenye maporomoko, na lilitengenezwa kwa nyuzi ambazo hakuna mdudu aliyepata kuzila. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyeruhusiwa kunywa chai juu yake. Wageni walilisifu. Mama mkubwa hakuwahi kulisema kwa zuri wala kwa baya, nasi tulidhani analipenda.

"Lile," alisema.

Nilimuuliza kama ana hakika. Nilimuuliza mara ya pili, kwa maneno mengine, kama nilivyofundishwa.

"Yeye alilipenda, mimi sikulipenda," alisema. "Likae chini ya samaki wake. Yeye ataridhika, nami sitaliona."

Alilikata mwenyewe, kwa ule mkasi wa kushonea ambao tangu utotoni sote tulikatazwa kukatia hata karatasi. Mimi nilishika upande wa pili. Vipimo vyangu vilitaka mkasi upite katikati ya shingo ya swala. Alipofika hapo alisimama. Nilisubiri. Kisha akazunguka, akamwacha mzima, na vipimo nikavirekebisha mimi.

Tulimlaza swala uso juu, tukamtandikia mpira, tukajaza maji. Siku ya tatu kidimbwi na beseni vilikuwa vimeshuka sawasawa. Niliangalia siku ya nne, na ya tano. Mama mkubwa aliniambia niache kuyatazama maji, yatadhani yamekosa.

Siku eda ilipoisha alioga, akavua nguo nyeupe, na ndugu wa kike wakajaa nyumbani na udi. Jirani alituma kuuliza kama aje. Mama mkubwa akajibu kwamba atakwenda yeye. Kwa hiyo safari yake ya kwanza nje, baada ya miezi minne na siku kumi, ilikuwa hatua kama ishirini, kutoka mlango wetu hadi jiko la halua, kajifunika buibui, mimi nyuma yake.

Doa lilikuwa limeshuka shibiri moja chini ya mstari wangu wa makaa. Chini ya hapo ukuta ulikuwa bado mweusi. Nilitaka kueleza kwamba ukuta mnene vile hauwezi kukauka kwa siku chache, na kwamba la muhimu ni mwelekeo. Hakuna aliyeniuliza. Jirani aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo muda mrefu. Mama mkubwa naye akaweka chake, chini kidogo, mahali ambapo mimi nisingemshauri.

"Bado wa baridi," alisema.

Jirani alimtazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine. Akainama, akalishika gunia moja la sukari masikio mawili, akaliburura mpaka ukutani. Yaliyobaki aliyaacha katikati ya jiko.

"Hili moja," alisema. "Likitota, nitakuja."

"Njoo," alisema mama mkubwa. "Na iliki, bwana, punguza."

Ninapoandika haya mpira una miaka mitatu. Magunia yalirudi ukutani moja moja, la mwisho kabla ya Ramadhani, na jirani hajaja. Iliki hajapunguza. Kuhusu ile miaka ishirini, sina ninachoweza kusema. Samaki sasa hawahesabiki, na kila alfajiri mama mkubwa huwatupia makombo na kuwasimulia habari. Nilisikiliza mara moja nikiwa ngazini. Zilikuwa za bandarini, zile zile, naye alikuwa anazikumbuka zote.