Binti Aliyeonwa Akiwa Amelala

Wiki jana, kwenye ndege ndogo ya kutoka Nairobi kuja Kitale, niliketi karibu na mama mmoja wa Bungoma. Alikuwa akirudi kutoka Marekani, alikokwenda kumtembelea binti yake.

"Mlikaa vizuri?" nikamuuliza.

Akavitazama viganja vyake. "Nilimwona tu akiwa amelala, mwanangu. Anafanya kazi mbili. Akirudi anaanguka kitandani na viatu. Mimi namvua, nakaa hapo namwangalia mpaka simu imwamshe aende tena. Siku ya kuachana akaniambia, 'Mayi, usiambie Baba.'"

Akageukia dirisha mpaka tukatua.

Nje, mumewe na majirani walikuwa wakimngoja kwa nyimbo. Mzee akamshika mikono yote miwili. "Mtoto yuko aje?"

"Ako sawa kabisa!" mama akajibu, akicheka kwa sauti. "Ukimwona, huwezi kumjua."

Vigelegele vikapigwa. Mzee akafuta machozi ya furaha.

Sisi huku humuuliza msafiri habari tukiwa tumeshachagua jibu. Mama yule aliwapa walilotaka, kisha akaomba akae kiti cha nyuma kabisa cha gari walilokuja nalo, peke yake, hadi Bungoma.